Amina Ishirini na Tatu

Shule yetu iko chini ya mlima ulionyolewa miti,
mji wa machimbo, magharibi ya Tasmania,
ambako mvua haiulizi kama umekuja na koti
na uwanja wa mpira ni changarawe tupu;
mtoto akianguka, goti linasimulia wiki nzima.

Magoti hayo nayajua. Nimeyaosha, nimeyabandika plasta.
Nilidhani nimeyajua maumivu yote ya darasa la tano.

Saa tatu kasorobo tunasali,
watoto ishirini na watatu, macho yamefumbwa,
na mwisho wa sala, Amina.
Na nyuma ya Amina, kila siku,
kimkia kidogo kutoka safu ya dirishani:
a-a-a-mina.
Nikadhani ni uvivu wa asubuhi.
Nikadhani ni mwangwi; paa letu ni la bati.
Wiki tatu nikadhani.

Ambrose Petterwood ndiye mwenye kigugumizi.
Irabu humkamata mlangoni, hasa a,
hasa ile a inayoanza jina lake mwenyewe.
Hakulalamika. Aliacha tu kuitikia mahudhurio,
akawa anainua mkono, nami nikiandika "Yupo",
nikiushukuru utulivu wake.

Aliyekuja ni Imelda Quaife wa darasa la pili,
pengo mbele, soksi moja imeshuka,
akanivuta sketi pale kwenye bomba:
"Mwalimu, kaka yangu anasali kwa kumcheka mtu.
Mungu anaisikia sala hiyo, au anaitupa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.
Nani. Lini. Mara ngapi.
Kwenye "Wapi" nikaandika: ndani ya sala.
Mwalimu mkuu, Bi. Cashin, alivua miwani,
akaivaa, akasoma tena, akaenda kufunga mlango.

Zamani ningewaita mbele wote wawili:
"Peaneni mikono, Yesu alisamehe," kisha hisabati.
Nimefanya hivyo mara nyingi, Bwana anihurumie;
nimemtoza aliyeumizwa nauli ya amani yangu.

Safari hii nilimwuliza Ambrose anataka nini.
Akakaa. Nikakaa. Mvua ikapiga bati.
Nikauzuia ulimi wangu usimmalizie maneno,
kazi ngumu kuliko kufunga Kwaresima.
Asi-asiniombe radhi mbele ya watu, alisema.
Na kwenye basi, mtu mzima akae nyuma. Si mbele.
Nyuma.
Kumbe kulikuwa na basi pia.

Darcy Quaife, mtumishi wa altare, mshika chetezo,
aliniambia ni utani.
"Basi nitanie hapa, tuko wawili tu.
Iseme kama unavyoisema."
Mdomo ukafunguka, ukakataa.
Masikio yakaiva, machozi yakamlengalenga,
nami nikaonja, kitambo kidogo,
utamu wa kumshinda mtoto.
Ndio ule ule alioulamba yeye wiki tatu.
Nikaacha. Nikampa kitambaa. Nikampigia mama yake,
aliyenyamaza muda mrefu, kisha akauliza:
"Imelda ndiye aliyesema?"
Hilo sikulijibu.

Sasa Bw. Hulme, mtunza bustani, hupanda basi la jioni,
hukaa kiti cha nyuma na gazeti lake la mbio za farasi.
Darcy huja kwangu kila Alhamisi.
Siku nyingine anazungumza. Siku nyingine
anachonga penseli zote za darasa, hata zisizohitaji.

Nami sifumbi macho tena tukisali.
Nazisikiliza Amina moja moja
kama mtu anayehesabu chenji dukani.
Leo zilikuwa ishirini na mbili.
Huenda Ambrose anaisemea moyoni.
Huenda ni Darcy, bado hajathubutu.

Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku:
Limekwisha? Ndiyo. La.
Kalamu ninayo mkononi.
Sijatia alama.